Umesafiri Ukaacha Deni: Nini Kinakungoja Ukirudi?

Kuna maswali mawili ambayo watu huyauliza kwa sauti ya chini. La kwanza: "Nina Fuliza na HELB, na wiki ijayo naenda Qatar. Je, nitazuiwa pale JKIA?" La pili ni la mtu aliyesharudi: "Nilitoka Dubai miaka mitatu iliyopita nikaacha bili ya simu na kadi ya mkopo. Sasa nimepata kazi nyingine huko. Nikishuka kwa ndege nitakamatwa?"

Maswali haya ni ndugu. Yote mawili yanahusu deni lililobaki upande mmoja wa bahari na mtu aliye upande wa pili. Majibu yake lakini hayafanani hata kidogo, na ndiyo sababu ushauri wa rafiki wa rafiki huwatia watu hasara. Tuanze na hapa nyumbani.

Je, deni linaweza kukuzuia uwanja wa ndege?

Kwa deni la kawaida, la. Katiba ya Kenya, Kifungu cha 39, inampa kila mtu haki ya kutoka nchini, na raia ana haki ya kurudi. Afisa wa uhamiaji anayepiga muhuri pasipoti yako haangalii salio lako la Fuliza, wala hana orodha ya waliokopa kwa apu.

Kuna mambo mawili ya kuangalia, ingawa. La kwanza ni mahakama. Ukiwa umeshtakiwa kwa deni na mdai akamshawishi hakimu kwamba unataka kutoka nchini ili kukwepa kesi, Kanuni za Mashtaka ya Madai za 2010, Agizo la 39, zinaruhusu mahakama kuagiza uletwe mbele yake na utoe dhamana kwamba utafika kujibu. Hii haiwezi kutokea kwa sababu ya mkopo wa shilingi 3,000. Inaweza kutokea kwa deni la biashara, la ploti au la gari. La pili ni KRA. Sheria ya Taratibu za Ushuru, kifungu cha 45, inampa Kamishna uwezo wa kutoa amri ya kumzuia mtu kuondoka akiwa na sababu za kuamini kwamba mtu huyo anaondoka bila kulipa ushuru anaodaiwa. Kwa hivyo kama una biashara yenye mzozo na KRA, usinunue tiketi kabla ya kujua umesimama wapi.

Wengine wote mtapita. Shida yenu si kutoka. Ni kile kinachoendelea kukua mkiwa mbali.

Deni halisafiri nawe, linabaki likifanya kazi

Chukua mkopo wa M-Shwari wa shilingi 10,000. Ada yake ni asilimia 7.5 kwa siku 30, yaani shilingi 750. Ukikosa kulipa siku ya thelathini, muda unaongezwa siku 30 nyingine na unatozwa asilimia 7.5 tena kwa kile kilichobaki. Fuliza nayo hutoza ada ya kila siku kulingana na kiasi unachodaiwa. Ada hizo zinaonekana ndogo ukiwa Nairobi na pesa zinaingia na kutoka kwa simu kila siku. Lakini ukizima laini na kupanda ndege, hakuna pesa inayoingia kulipa, na saa haisimami.

Hapa kuna jambo linalowashtua wengi. Fuliza hujilipa yenyewe kutoka kwa pesa yoyote inayoingia kwenye akaunti yako. Tuseme ulimwachia dada yako laini yako, na mwezi wa kwanza ukiwa Doha unatuma shilingi 6,000 kwa nambari hiyo ili mama apelekwe kliniki. Kama ulikuwa na deni la 4,000, dada yako ataona 2,000 na atadhani umetuma 2,000. Simu za lawama zitaanza. Hakuna aliyeiba, mkataba ulioukubali ndio unasema hivyo. Suluhisho ni rahisi: lipa Fuliza kabla ya kuondoka, au tuma pesa za familia moja kwa moja kwa nambari ya mtu anayezihitaji.

Na tukiwa hapo hapo, kumwachia mtu laini pamoja na PIN ni hatari hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Anayeshika PIN yako anaweza kukopa kwa jina lako, na wa kuorodheshwa CRB ni wewe. Sio lazima awe mtu mbaya. Wakati mwingine ni mtoto amelazwa na hakuna pesa nyingine.

Kuizima laini kabisa pia si dawa. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na baadaye nambari inaweza kupewa mtu mwingine. Huyo mgeni ndiye atakayepokea ujumbe wa "unadaiwa", na wewe hutapata ilani yoyote. Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla ya safari, hata kama ni ya kupokea ujumbe tu, kisha uweke salio na uitumie mara moja moja.

CRB: kinachokungoja nyumbani

Kenya ina mashirika matatu yenye leseni ya kutunza rekodi za mikopo: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Mkopeshaji anapaswa kukupa ilani ya siku 30 kabla ya kupeleka habari mbaya kukuhusu. Ilani hiyo inaenda wapi? Kwa nambari na barua pepe ulizoacha kwao. Kama laini imezimwa na barua pepe ni ile ya chuo uliyosahau nenosiri, ilani imetumwa, na kwa upande wao wamefanya kazi yao.

Tangu kanuni za 2020, mkopo wa chini ya shilingi 1,000 hauorodheshwi. Kila kitu kilicho juu ya hapo kinaweza kuorodheshwa. Sasa fikiria mtu amekaa Gulf miaka minne, ameweka akiba, anarudi akitaka mkopo wa benki aongezee hapo ajenge au anunue lori. Ana pesa, ana mipango, na benki inamwambia hapana kwa sababu ya deni la shilingi 2,800 aliloliacha akikimbilia ndege. Deni lenyewe si kitu. Rekodi ndiyo imemfunga.

Kinachouma zaidi ni kwamba kulipa siku hiyo hakufuti historia siku hiyo. Rekodi inabadilika kuonyesha umelipa, lakini habari kwamba uliwahi kushindwa inaweza kukaa hadi miaka mitano tangu ulipomaliza kulipa. Ndiyo maana kulipa mwaka wa kwanza ukiwa mbali ni bora kuliko kungoja urudi: hiyo miaka mitano inaanza kuhesabiwa mapema. Una haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka, na unaweza kuiomba ukiwa popote.

Na je, deni linakufa lenyewe? Sheria ya Kenya inampa mdai miaka 6 ya kufungua kesi ya deni la mkataba. Watu huisikia hiyo wakafurahi mapema. Akifungua kesi na kupata hukumu, ana miaka 12 ya kuitekeleza. Tena, ukilipa sehemu ya deni au ukiandika barua ukikubali kwamba unadaiwa, hesabu ya miaka 6 inaanza upya. Kungoja nje ya nchi mpaka deni lioze si mpango ninaoweza kumshauri mtu.

Kuna upande wa kukulinda pia. Kwa mikopo ya benki, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka kikomo: mkopo ukishashindwa kulipwa, riba haiwezi kupita kiasi cha deni la msingi lililokuwepo wakati huo. Kama ulikuwa unadaiwa 50,000 siku hiyo, riba haiwezi kupita 50,000 nyingine, ukiacha gharama za kulikusanya deni. Ukirudi ukaambiwa unadaiwa 180,000, omba hesabu kwa maandishi. Na wakopeshaji wa apu, tangu kanuni za Benki Kuu za 2022, hawaruhusiwi kukutishia, kukutusi, wala kuwapigia simu watu walio kwenye simu yako. Kama mama yako kijijini anasumbuliwa kwa sababu ya mkopo wako, hifadhi ujumbe na nambari, kisha uwaripoti Benki Kuu na kwa Kamishna wa Kulinda Data.

HELB ni habari nyingine

Nimeitenga HELB kwa sababu ndiyo inayokua kimyakimya kuliko zote. Riba ya asilimia 4 kwa mwaka ni nafuu. Kinachoumiza ni faini ya shilingi 5,000 kila mwezi kwa asiyelipa. Mtu aliyekaa nje miaka miwili bila kulipa hata senti amejiongezea shilingi 120,000 za faini pekee. Wapo waliokopa chini ya hapo wakiwa chuoni!

Ukiwa na kazi Kenya, mwajiri hukata HELB kwa mshahara. Ukiwa nje, hakuna wa kukukatia, na ndipo wengi husahau. Ukirudi utatakiwa kuonyesha cheti cha HELB ukiomba kazi nyingi za serikali, na utagundua huwezi kukipata. Habari njema ni mbili. Unaweza kulipa kidogo kidogo kwa simu ukiwa popote. Na HELB imewahi kutoa vipindi vya msamaha ambapo sehemu kubwa ya faini hufutwa kwa anayelipa deni lote. Usikae kungoja msamaha, lakini ukitangazwa ukiwa na pesa, chukua.

Sasa tugeuke: umeacha deni Dubai

Hapa sheria ni tofauti, na mchezo si ule wa kwetu.

Miaka mingi, benki za Falme za Kiarabu zilikuwa zikimpa mtu mkopo baada ya kusaini hundi ya dhamana. Ukikimbia, benki inaiwasilisha ile hundi, inarudi bila pesa, na hilo lilikuwa kosa la jinai. Hivyo ndivyo watu walivyokamatwa uwanja wa ndege kwa "deni". Kuanzia tarehe 2 Januari 2022 sheria ilibadilika. Hundi iliyorudi kwa sababu tu akaunti haina pesa ya kutosha si tena kosa la jinai. Inakuwa hati ambayo mdai anaipeleka moja kwa moja kwa hakimu wa utekelezaji. Lakini hila bado ni kosa, kwa mfano kuandika hundi halafu kufunga akaunti au kuiagiza benki isilipe bila sababu.

Kwa hivyo hakuna kesi tena? Zipo, ila nyingi sasa ni za madai. Mdai anayedai dirham 10,000 au zaidi anaweza kuomba mahakama iweke marufuku ya kusafiri. Hapa watu huchanganyikiwa. Marufuku ya kusafiri inakuzuia kutoka, si kuingia. Mtu anaweza kuingia Dubai vizuri kabisa, akaanza kazi, akajiona amesalimika, kisha akafiwa nyumbani na kuambiwa kaunta ya uhamiaji kwamba hawezi kupanda ndege. Kama badala yake kuna amri ya kukamatwa, basi anazuiliwa pale pale anapoingia. Ni vitu viwili tofauti, na unahitaji kujua kipi kiko kwa jina lako kabla ya kusaini mkataba mpya.

Kujua inawezekana. Polisi ya Dubai ina huduma mtandaoni na kwenye apu yake ya kuangalia kesi za kifedha kwa kutumia nambari ya kitambulisho cha Emirates. Idara ya Mahakama ya Abu Dhabi ina huduma yake inayoitwa Estafser. Kumbuka kwamba kila moja inaonyesha za kwao tu. Usafi wa Dubai si usafi wa Sharjah. Kama deni lilikuwa kubwa, mpe wakili wa huko uwakili wa maandishi akuangalilie. Utalipa ada, lakini ni ndogo kuliko kukwama.

Na ile bili ya simu ya dirham 400? Peke yake haielekei kumpeleka mtu kizuizini, na haifiki kiwango cha dirham 10,000. Lakini kampuni za simu za huko hupeleka taarifa kwa Al Etihad Credit Bureau, shirika la mikopo la nchi hiyo, ambalo hukupa alama kati ya 300 na 900. Ukirudi na kutaka laini ya bili, simu ya kulipa polepole au kadi ya benki, itajitokeza. Kuilipa huchukua dakika tano. Kuiacha ni uvivu tu, tuseme ukweli.

Jambo jingine: msamaha wa viza. Kati ya Septemba na Desemba 2024 Falme za Kiarabu ziliwaruhusu waliopitisha muda wa viza kurekebisha hali zao bila kulipa faini. Ule ulikuwa msamaha wa faini za uhamiaji. Haukufuta deni la benki ya mtu yeyote. Waliodhani umewasafisha kabisa wanafaa kuangalia tena.

Nchi jirani zina mambo yao. Qatar bado inaichukulia hundi isiyo na pesa kama kosa la jinai, na adhabu yake ni kifungo cha miezi 3 hadi miaka 3. Kwa hivyo usilinganishe na Dubai. Saudia ukitaka viza ya kutoka, faini za barabarani zinapaswa kuwa zimelipwa. Kwa wanaofanya kazi za nyumbani huko, linaloweza kukuzuia kurudi si bili bali ripoti ya mwajiri kwamba ulitoroka kazi, na hiyo inatatuliwa kwa njia nyingine kabisa. Tena nchi za Ghuba zina mkataba wa kutekelezeana hukumu wa 1996, kwa hivyo kuhepa deni la Dubai kwa kuhamia nchi jirani si kuhepa.

Je, wanaweza kukufuata hadi Kenya? Kenya ina sheria ya kusajili hukumu za nje, na nchi zilizotajwa ndani yake ni Uganda, Tanzania, Rwanda, Zambia, Malawi, Ushelisheli, Australia na Uingereza. Falme za Kiarabu hazimo. Benki ya Dubai ingelazimika kufungua kesi mpya hapa, jambo ambalo kwa deni dogo haina faida nalo. Zinachofanya ni kuwapa kazi wakusanyaji madeni wanaokupigia simu. Wengine watakutajia Interpol. Kanuni za Interpol zenyewe haziruhusu ilani nyekundu kwa mizozo ya kibinafsi, kwa hivyo anayekwambia "lipa leo au Interpol wanakuja kesho" anakutisha.

Uingereza, kwa wanaoenda kusoma au kutembelea watoto, ina mtego wa hospitali. Mgeni asiye na haki ya matibabu ya bure akidaiwa na NHS pauni 500 au zaidi kwa muda wa miezi miwili au zaidi, ombi lake la viza linalofuata linaweza kukataliwa kwa sababu hiyo. Wazazi waliougua wakiwa wamekwenda kuona wajukuu wanafaa kulijua hili kabla ya kuondoka Heathrow.

Kulipa ukiwa mbali bila kuibiwa

Deni la zamani ni asali kwa matapeli. Wanajua una aibu na hutaki kumuuliza mtu mwingine. Ukipokea simu kwamba kampuni fulani imenunua deni lako, usilipe kwa nambari uliyopewa kwenye simu hiyo. Mtafute mkopeshaji mwenyewe kwa tovuti yake au apu yake na uulize deni liko wapi sasa. Lipa kwa nambari ya Paybill au akaunti ya kampuni, kamwe si kwa nambari ya mtu binafsi, na angalia jina linalotokea kabla ya kubonyeza PIN. Hakuna mtu anayeweza "kukutoa CRB" kwa shilingi 1,500 kupitia ujumbe wa WhatsApp. Anayebadilisha rekodi ni mkopeshaji aliyeiandika, baada ya kulipwa.

Kama huwezi kulipa yote, andika upendekeze kiasi. Benki za Dubai mara nyingi hukubali chini ya deni lote kwa malipo ya mara moja, hasa deni likiwa la miaka. Hapa kwetu pia wakopeshaji hupunguza faini. Makubaliano yawe kwa maandishi kabla pesa hazijatoka, na yaseme wazi kwamba kiasi hicho kinamaliza deni na kwamba kesi yoyote iliyofunguliwa itaondolewa. Ukishalipa, dai barua ya kuthibitisha kwamba huna deni. Kwa Dubai, usitosheke na barua ya benki pekee. Angalia tena kwenye huduma ya polisi au ya mahakama kama marufuku imeondolewa kweli, kwa sababu benki kusema imelipwa na mahakama kufuta amri ni shughuli mbili, na ya pili huhitaji mtu wa kuiomba.

Kwa anayeondoka mwezi huu: omba taarifa ya akaunti yako ya simu ya miezi sita, uone kila mkopo uliogusa hiyo laini. Lipa Fuliza kwanza kwa sababu ndiyo itakayokula pesa zako za baadaye. Badilisha barua pepe kwa HELB na kwa kila mkopeshaji iwe ile unayoifungua kila siku. Ongea na mwenye nyumba, na uache bili ya stima isiwe kwa jina lako kama mtu mwingine anaingia. Hifadhi picha za risiti mahali ambapo hazitapotea na simu. Na ukiwa tayari uko ng'ambo unasoma haya, ombi la ripoti ya CRB linafanyika kwa simu hiyo hiyo uliyoshika.